Chombo Kilichoundwa kwa Maneno

Mpenzi msomaji, kabla sijakusimulia habari za mshairi huyu, yanipasa kwanza nikiri kosa langu. Nilipokuwa nimetoka karibuni chuo cha ualimu, na kalamu yangu nyekundu ikiwa bado mpya, nilipewa kufundisha Kiswahili katika shule moja iliyo mbali na bahari. Mimi ni mtu wa bara. Kiswahili changu nilikipata darasani na vitabuni. Siku moja niliwapa wanafunzi insha juu ya mgeni aliyefika nyumbani. Mmoja wao, mtoto aliyetoka pwani kuja kukaa kwa mjomba wake, aliandika ya kwamba babu yake alipanda mnazini akaangua makoroma mawili kwa ajili ya mgeni. Nilicheka peke yangu. Nikalipiga neno lile mstari mwekundu, na pembeni nikaandika: "Kukoroma ni kutoa sauti usingizini."

Kesho yake mtoto alikuja mezani kwangu kwa adabu, ameshika daftari kwa mikono miwili. "Shikamoo, mwalimu. Samahani, mwalimu, koroma ni tunda la mnazi. Limepita dafu, lakini halijawa nazi."

Nikamwuliza kama dafu na nazi si kitu kimoja.

"Si kimoja, mwalimu. Dafu hunywewa, nazi hukunwa. Koroma halina utamu wa dafu, wala halina tui la nazi. Babu alikuwa hana madafu siku ile."

Tazama, msomaji, jinsi nilivyoharibu. Mzee yule alikuwa amefikiwa na mgeni siku ambayo mnazi wake haukuwa na dafu hata moja. Alipanda, akatafuta, akashuka na kile alichokipata. Aibu yake yote na ukarimu wake wote vilikuwa ndani ya neno moja, nami nikalifuta. Mtoto angaliandika "dafu," ingalikuwa habari ya mgeni aliyekaribishwa pasipo dhiki. Angaliandika "nazi," tungalidhani mgeni anangojea kupikiwa wali. Insha ile ilisimama juu ya koroma, na mwalimu aliyepaswa kuitambua alikuwa mtu mwenye cheti na asiye na neno.

Ndipo nilipoanza kumsoma Sheikh Nabhany kwa makini. Nilikuwa nimelisikia jina lake chuoni, walakini nililisikia kama mwanafunzi anavyosikia majina mengi: nililiandika, nikalijibia mtihani, nikalisahau.

Ahmed Sheikh Nabhany alizaliwa mwaka 1927 huko Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, akafariki dunia mwaka 2017, baada ya kuishi Mombasa kwa miaka mingi. Jina la Nabhany ni lile lile la ukoo uliotawala Pate kwa karne kadhaa. Bibi yake alikuwa mshairi, na mjukuu aliyapata mashairi nyumbani kabla ya kuyapata kwingine kokote. Matondoni si mji mkubwa. Ni kijiji cha mafundi: wanaume wake wajulikana kwa kuunda majahazi, na wanawake wake kwa kusuka mikeka. Mtoto aliyekulia hapo alisikia nyundo na tezo mchana, na tendi usiku. Sioni haja ya kutafuta mbali zaidi sababu ya kazi aliyoifanya alipokuwa mtu mzima.

Kazi hiyo ilikuwa kukusanya. Wakusanyaji wa sanaa za Lamu wamekuwa wengi, nao wamekusanya kwa namna nyingi. Wako waliotaka milango ya kuchonga, wako waliotaka viti vya enzi, vitanda, makasha na kofia zilizoshonwa kwa mkono. Vitu hivi vilinunuliwa, vikapakiwa, na baadhi yake leo vimo katika sebule za watu wasioweza kutaja hata jina la fundi aliyevichonga. Vingine kwa bahati njema vimo katika majumba ya makumbusho, na hapo wewe na mimi twaweza kuvitazama. Nabhany alikusanya kitu kisichoonekana kwa macho wala kisichouzika: alikusanya majina ya vitu, ya kazi, ya zana, na ya namna ya kuzitumia, kisha akayaweka ndani ya ushairi ili yasipotee. Kwa hiyo namwita mkusanyaji wa sanaa za watu, ijapokuwa wengi humwita mshairi na kuishia hapo. Alikuwa yote mawili, na ubora wake na upungufu wake vyote vimetoka katika kule kuwa yote mawili kwa pamoja.

Utungo wake unaojulikana sana katika jambo hili ni Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa kuwa kitabu mwaka 1979. Sambo ni neno la kale la washairi kwa chombo cha baharini. Kiwandeo ni jina la sifa la Lamu: kiwa ni kisiwa, na ndeo ni majivuno. Basi maana yake ni chombo cha kile kisiwa chenye fahari. Usitazamie humo hadithi ya vita, wala mapenzi, wala nahodha aliyepambana na zimwi la bahari. Shujaa wa utungo huu ni chombo chenyewe, jinsi kinavyoundwa na jinsi kila sehemu yake inavyoitwa.

Ili uelewe uzito wa jambo hili, fikiri habari za fundi wa vyombo. Wewe na mimi tukisimama ufukoni twaona jahazi, na labda tanga na nanga. Fundi haoni hivyo. Yeye aona mkuku, ule mti mrefu wa chini ambao chombo chote chategemea. Aona mataruma, mbavu zilizopindwa, ambazo hazikukunjwa kwa moto bali zilitafutwa porini katika miti iliyojipinda yenyewe. Aona shetri upande wa nyuma na dasturi inayotokeza mbele. Aona foromali, mti unaobeba tanga, na henza, kamba inayolipandisha. Ajua jinsi ya kukalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na ajua ya kuwa mbao zahitaji kupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake haisahauliki upesi. Tanga lina kamba ya demani na kamba ya joshi, na kwa kamba hizo mabaharia hutaja pande za dunia yao: joshini ni kule upepo unakotoka, demanini ni kule unakokwenda. Mtu asiyejua maneno hayo akipewa amri chomboni, atakuwa kama mimi nilivyokuwa mbele ya lile koroma, ila yeye atazama.

Maneno haya hayakuwa katika hatari zamani, maana kazi yenyewe iliyabeba. Kijana alipewa tezo, akaambiwa "lete kile," "shika hiki," na baada ya miaka michache alikuwa na lugha nzima mikononi. Lakini boti za faiba zilipokuja, na injini ikachukua mahali pa tanga, kijana hakuhitaji tena kujua foromali. Neno lisipohitajika halifi kwa kishindo. Babu alisema, baba alielewa bila kulisema, na mtoto hakulisikia. Jambo la namna hii lilikwisha kutokea pwani yetu. Mtepe, chombo cha kale ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za kumbi, na tanga lake lilikuwa mkeka, ulitoweka katika karne ya 20. Watu walipotaka kuunda mwingine huko Unguja, ili uwekwe katika jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, hawakuwa na mtepe wa kuutazama. Ikawabidi wafuate mifano midogo na maelezo. Nabhany alizaliwa wakati mtepe ulikuwa unafikia mwisho wake. Alipoona jahazi nalo limeanza kuifuata njia ile ile, alishika kalamu.

Sasa nije kwenye ubishi, kwa maana hapana uhakiki usio na ubishi. Mwalimu mwenzangu mmoja, msomaji mzuri wa mashairi kunishinda mimi, husema waziwazi ya kwamba Sambo ya Kiwandeo si ushairi, ni orodha yenye vina. "Kamusi," asema, "ifanye kazi ya kamusi. Mshairi atuambie jambo la moyo." Nami nakiri ya kuwa mara ya kwanza nilipousoma nilichoka. Majina yafuatana na majina, na msomaji wa bara husimama kila hatua kutafuta maana. Wanafunzi niliowasomea sehemu yake walianza kutazama dirishani.

Hata hivyo naona mwenzangu amekosea katika jambo moja. Adhani ya kuwa orodha ni adui ya ushairi. Soma Al-Inkishafi, alioutunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19 juu ya ukiwa wa Pate. Humo pia mna orodha ya vitu: taa, vidaka vya ukutani, vitanda, vyombo vya thamani, nyumba za matajiri na mapambo yake. Hapana aliyediriki kusema huo si ushairi. Tofauti haimo katika orodha, bali katika kazi iliyopewa orodha. Sayyid Abdalla ataja vitu ili utambue ya kuwa vimekwisha. Kila kitu kizuri anachokiorodhesha chaongeza uchungu wa kutokuwapo kwake. Vidaka vimo kwa sababu sasa hulala humo makinda ya ndege. Nabhany ataja vitu ili visikwishe. Mmoja ahesabu mali ya marehemu, na mwingine ahesabu mali ya mgonjwa ambaye bado anatumaini atapona.

Hapo ndipo ulipo ugumu wake kama mshairi. Majonzi ni rahisi kuimbwa, maana msikilizaji huja nayo kutoka nyumbani kwake. Kuhifadhi ni kazi ya subira, na subira haina wimbo wa kuvutia. Nabhany hakutaka kutuliza mtu. Alitaka baada ya miaka mia mtu aweze kuufungua utungo na kujua kila ubao unakaa wapi. Aliamini, kama walivyoamini waliomtangulia, ya kuwa vina na mizani ni kamba za kufungia kumbukumbu. Na hapa alikuwa na ushahidi mwema. Mwana Kupona alipotaka binti yake asisahau mawaidha ya mamaye hakumwandikia barua; alimtungia utendi, mnamo mwaka 1858, na mpaka leo wako wanawake wa pwani wauimbao bila kushika kitabu. Desturi ya kutia elimu ndani ya ushairi haikuanzishwa na Nabhany. Yeye aliichukua desturi iliyobeba dini na maadili, akaipakia tezo, kamba na mbao. Tendo hilo pekee ni la kishujaa. Amesema, bila kulitamka, ya kuwa elimu ya seremala yastahili chombo kile kile kinachobeba elimu ya mcha Mungu.

Walakini sitaki umdhanie kuwa ni mshairi wa Sambo peke yake, kwa maana mimi nampenda zaidi katika Umbuji wa Mnazi, uliotoka mwaka 1985. Umbuji ni ufundi wenye uzuri ndani yake, ule unaomfanya mtu atikise kichwa kwa kuridhika. Kuunasibisha umbuji na mti ni jambo la kufikiri. Mbuji kwa kawaida ni mtu: msemaji, mtunzi, fundi. Nabhany aliugeuza mnazi kuwa fundi mwenye kipaji.

Nao mnazi wastahili. Wewe uliyekulia bara, kaa na mtu wa pwani umwombe akutajie maneno ya mti huu mmoja, kisha uhesabu. Atakuambia ya kuwa tunda lake huanza kuwa kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma (naliandika sasa kwa heshima), ndipo likawa nazi. Na nazi iliyoanza kuota yaweza kuwa na joya ndani, kitu chepesi kama sifongo, ambacho watoto hukigombania. Atakuambia kumbi ni lile ganda la nje lenye nyuzi, ambalo hufukiwa katika matope ya pwani mpaka lilainike, kisha hupigwa, nyuzi zake zikasokotwa kamba. Kifuu kikavu huwa upawa. Jani likisukwa mbichi huwa pakacha la kubebea samaki. Likikaushwa na kushonwa huwa kuti la kuezekea nyumba. Nazi hukunwa kwa mbuzi, na mbuzi huyo hali majani. Hukamuliwa katika kifumbu, tui la kwanza, zito, ndilo kasimile, na makapi yanayobaki ni chicha. Mgema naye hupanda kileleni kwa shughuli zake, ambazo katika kitabu cha shule si lazima nizieleze kwa urefu.

Hapa orodha haimchoshi mtu. Sababu yake naidhani ni hii: chombo ni kitu kilichokamilika nje yetu, nasi hukitazama tukiwa ufukoni, bali mnazi umo jikoni, umo juu ya paa, umo katika kamba ya ng'ombe na katika wali wa arusi. Kila neno lina mkono wa mtu unaolishika. Kadhalika maneno yenyewe yana mwendo: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi ni umri, ni maisha ya kiumbe tangu uchanga hata uzee. Mshairi akishika jambo kama hili hana haja ya kulitia hisia. Huziona zimekwisha kuwamo. Mwenzangu nilipomsomea utungo huu alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, huu ni ushairi." Sikumwongezea neno, maana ushindi ukifuatiliwa sana huharibika.

Nikiyasema hayo, sina budi kuyataja na yanayonisumbua.

La kwanza ni lugha. Nabhany alitunga kwa Kiamu, na Kiamu si kile Kiswahili ulichofundishwa. Macho kwake ni mato, njia ni ndia, mji ni mui. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 shule zetu zimefuata njia hiyo. Sisemi walikosea, nchi nyingi zilihitaji lugha moja ya kitabu. Lakini matokeo yake ni kwamba lugha iliyotungiwa baadhi ya mashairi yetu makuu ya kale imekuwa kwa mwanafunzi kama lugha ya kigeni. Nabhany angaliweza kutunga kwa Kiswahili sanifu akapata wasomaji mara mia. Hakukubali. Wako wanaomwita mkaidi. Mimi nasema ya kuwa maneno aliyotaka kuyaokoa yalikuwa ya Kiamu, na mtu haokoi nyumba kwa kuhamisha samani na kuziacha kuta ziungue. Hata hivyo gharama imelipwa: alichohifadhi kimehifadhiwa mbali na watoto waliokihitaji.

La pili latokana na hilo. Sambo ya Kiwandeo, utungo wa fahari ya Lamu, ulichapishwa Leiden, katika nchi ya Uholanzi. Waliouhariri, Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg, walifanya kazi ya uaminifu nasi twawashukuru. Lakini kama ungetaka kuusoma kijijini Matondoni mwaka ule wa 1979, ungeupata kwa nani? Mambo haya yana historia ndefu. Mwaka 1854 Krapf alipeleka Ujerumani miswada ya tendi za Kiswahili, na huko imetunzwa vizuri kuliko ambavyo pengine ingetunzwa kwetu, palipo na mchwa na unyevu. Nisikudanganye kwa kukuambia ya kuwa wageni walituibia kila kitu. Mara nyingi walichukua kile ambacho sisi tulikiacha uani. Diwani ya Muyaka wa Mombasa isingalikuwapo leo kama Mwalimu Sikujua hangalikusanya mashairi yale na Taylor hangaliyaandika. Na William Hichens alipoichapisha, mwaka 1940, alifanya hivyo Afrika ya Kusini. Nabhany alilijua jambo hili, naye alijaribu kulibadili kwa njia iliyokuwa katika uwezo wake. Hakukaa akangoja kuulizwa tu. Aliketi na wataalamu kama mwenzao. Kundi la wataalamu lilipokutana kuhariri mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, kitabu kilichotoka mwaka 2004, jina lake lilikuwa miongoni mwa majina ya wahariri, pamoja na Abdilatif Abdalla, Ahmad Nassir, Farouk Topan na wengine. Tangu Krapf hadi siku hiyo palikuwa na wazee wengi wa pwani waliotoa elimu yao, wakaandikwa katika dibaji kwa mstari mmoja, au wasiandikwe kabisa.

La tatu ndilo zito zaidi, nami sijalipatia jawabu. Je, neno likihifadhiwa, kazi nayo imehifadhiwa? Mtu aweza kuijua Sambo yote kwa moyo na asiweze kupiga ubao mmoja ukakaa. Elimu ya fundi imo katika kifundo cha mkono, katika jicho linalopima bila kipimo, na katika makosa aliyoyafanya akiwa kijana mbele ya mzee mkali. Utungo hauwezi kufundisha hayo, wala haukujidai kuwa waweza. Tena husifu ufundi pasipo kutaja ujira wa fundi. Kama mbao ni ghali na wanunuzi wa majahazi wamepungua, mwana wa fundi ataacha tezo hata kama kila neno la baba yake limo kitabuni. Ningependa mshairi mwenye jicho la Nabhany angeyatazama na hayo. Hakuyatazama sana, au hakuyataka katika utungo wa fahari. Na mahali hapo naona fahari ya Kiwandeo imemziba jicho moja.

Usifikiri, lakini, ya kuwa alikuwa mtu wa zamani tu, aliyeketi barazani akilia juu ya siku zilizopita. Jambo hili wengi hawalijui. Mtu huyu aliyekusanya maneno ya mataruma na foromali ndiye pia aliyekaa kuunda maneno ya vitu vipya. Neno runinga ulisikialo kila siku katika taarifa za habari latajwa kuwa lake, na ndani yake amelificha neno la kale maninga, yaani macho. Watanzania wengi husema televisheni, nasi hatuna sababu ya kugombana nao. Maneno yake mengine hayakushika. Yalibaki katika makala na katika vinywa vya marafiki zake. Lakini itazame kanuni aliyoifuata: alipotaka jina la kitu kilichotoka ng'ambo hakuanza kwa kutazama ng'ambo, alikwenda kwanza ghalani kwake kutazama kama hapana neno la kale lisilo na kazi, alipe kazi. Kwa hiyo kukusanya kwake hakukuwa kama kwa mtu anayeweka sahani kabatini zisiguswe. Seremala naye huweka vipande vya mti mzuri pembeni, akijua kuna siku atavihitaji.

Ukitaka kumsoma, nakushauri usianze kama nilivyoanza mimi, kwa kukaa peke yako na faharasa ya maneno. Anza na Umbuji wa Mnazi. Mtafute mtu aliyekulia pwani, hata akiwa mwanafunzi mwenzako wa darasa la chini, umsomee kwa sauti, umwache akusimamishe. Utaona ya kuwa hataeleza neno, atakusimulia kisa. Ndipo uiendee Sambo, na ukijaliwa kufika Lamu uende nayo Matondoni, mahali ambapo chombo kimeegemezwa mchangani na fundi anakalafati. Msalimie kwanza, maana hao ni watu wa heshima. Umwulize jina la kila kitu, na ulinganishe na kitabu. Mahali fundi na kitabu watakapotofautiana, andika yote mawili.

Yule mwanafunzi wa koroma alimaliza shule zamani. Daftari lake alinirudishia nililinganishe na alama nilizoandika, nami nikaongeza alama mbili. Lakini wino mwekundu haufutiki, na mstari wangu ungali umekata lile neno katikati.